Damu Ilinipiga Kamba

Mama yangu ana jibu moja kwa kila kinachotoka kwenye ngozi: damu chafu. Chunusi, damu chafu. Jipu, damu chafu. Mtoto wa jirani akitokwa na vipele vya joto mwezi wa pili, damu chafu, na dawa yake ni kuacha kamba, pweza, dagaa, mayai na biringanya, halafu anyweshwe mwarobaini mpaka macho yamtoke. Kwa hiyo nilipompigia simu kwake Wete, Pemba, kumwambia kwamba nimevimba mdomo na mwili mzima umenitoka mabaka baada ya kula wali kwa kamba, hakushangaa hata kidogo. "Nilikwambia," akasema. Hakuwahi kuniambia. Kamba nimelishwa na yeye mwenyewe tangu sina meno.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Asubuhi nilishuka Feri, nikanunua kilo moja ya kamba wakubwa, wale wenye mistari, nikawapika kwa nazi na pilipili mbichi. Tulikula kama saa nane. Jino la nyuma lilikuwa linanisumbua tangu Ijumaa, kwa hiyo nilitafunia upande mmoja, polepole, nikawa wa mwisho kunawa. Sijamaliza kuosha vyombo, viganja vikaanza kuwasha. Kisha kwapani, kisha mapajani, mabaka mekundu yaliyoinuka na kuungana kama ramani ya visiwa. Nilipojitazama kwenye kioo, mdomo wa juu ulikuwa wa mtu mwingine.

Hospitali walinichoma sindano mbili, wakanilaza mpaka magharibi, wakanipa na Piriton za kwenda nazo nyumbani. Daktari wa zamu, kijana mpole ambaye ilionekana hajalala siku mbili, aliniuliza: "Umekula nini, mama?" Nikasema kamba. Akaandika, akafunga faili. Hakukuwa na swali la pili. Nikaambiwa nirudi wiki inayofuata nipime damu, "tujue una mzio na nini hasa."

Nilifurahi, nisiseme uongo. Kwa mtu aliyelelewa na damu chafu, kusikia kwamba kuna mashine inayosoma damu na kumtaja adui kwa jina ilikuwa kama kushinda kesi ya miaka 30 na mama yangu. Nililipa laki tatu na ushee kutoka mfukoni, maana bima ilikataa. Dada wa maabara akavuta damu kwenye chupa moja ya kifuniko cha njano, akanieleza kwamba itaachwa igande, izungushwe kwenye mashine, na yale maji ya rangi ya dhahabu yatakayobaki juu ndiyo yatakayopandishwa ndege kwenda kupimwa nje. Siku 11.

Majibu yalikuja kurasa 2, vitu 36 vimepangwa kwenye safu, kila kimoja na namba yake na daraja lake. Utitiri wa vumbi 24, daraja la 4. Mende 3.0, daraja la 2. Kamba 1.9, daraja la 2. Kaa 1.4, daraja la 2. Karanga 0.6, daraja la 1. Ngano 0.5, daraja la 1. Chini kabisa, jumla ya IgE yote, kingamwili nitakayoieleza hapa chini: 640, na pembeni alama ya mshale ukielekea juu. Mtu mzima kwa kawaida huwa chini ya 100 hivi.

Daktari, safari hii mwingine, alichukua kalamu nyekundu akazungushia kila kilichokuwa juu ya 0.35. Kamba acha. Kaa acha. Karanga acha. Ngano acha, yaani chapati, maandazi, mkate, vitumbua vya dukani maana huwezi kujua wamechanganya nini. Pweza na ngisi acha pia kwa usalama, ingawa hata hawakupimwa. Nikatoka pale nimeshika karatasi kama hati ya hukumu. Nilipomsomea mama kwenye simu, akanyamaza kidogo, akasema: "Si ndiyo hivyo hivyo nilivyosema mimi? Umelipa laki tatu."

Miezi 4 nilikula ugali, maharage, mchicha na kuku. Nilipungua kilo 6. Kazini wakaanza kuniuliza kwa sauti ya chini kama niko sawa.

Sasa nieleze kipimo chenyewe, kwa sababu wakati ule sikukielewa na hakuna aliyejisumbua kunieleza.

Mwilini kuna seli zilizojaa histamini, nyingi zikiwa kwenye ngozi, puani, kwenye mapafu na utumbo. Zichukulie kama mitego ya panya. IgE ni aina ya kingamwili inayokaa juu ya seli hizo, kama kile kijiti kinachoshikilia chambo. Protini ambayo IgE hiyo inaitambua ikija ikakigusa, mtego unafyatuka: histamini inamwagika, ngozi inawasha, mdomo unavimba, na kwa wenye bahati mbaya kifua kinabana na presha inashuka. Kipimo cha damu hakiioni mitego. Kinahesabu vijiti vinavyoelea kwenye damu. Kuwa na vijiti vingi kunaonyesha kwamba mwili umewahi kukutana na kitu fulani na ukajiandaa. Kama mtego utafyatuka ukimla kamba Jumapili mchana, hilo ni swali lingine.

Maabara, protini za kamba hushikizwa kwenye kisponji kidogo. Maji ya damu yako yanamiminwa juu yake. IgE inayomjua kamba inang'ang'ania, nyingine zote zinaoshwa. Kisha inawekwa kingamwili ya pili inayoitambua IgE, imebeba kimeng'enya kinachotoa mwanga, na mashine inapima mwanga huo. Watu wa Uppsala, Sweden, walipotangaza njia hii mara ya kwanza mwaka 1967 walitumia mionzi badala ya mwanga, ila wazo ni lile lile. Daraja la 1 linaanzia 0.35, la 2 linaanzia 0.7, la 3 linaanzia 3.5, mpaka la 6 lililo juu ya 100. Hayo madaraja watu wanayasoma kama madaraja ya ukali wa ugonjwa. Siyo. Namba ikipanda, uwezekano kwamba mzio ni wa kweli unapanda nayo. Haikwambii kwamba ukila utavimba kidogo au utakufa.

Kabla ya mashine kuwepo, walitumia matumbo yao. Mwaka 1921, mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland, daktari Heinz Küstner alikuwa hawezi kula samaki. Mwenzake Carl Prausnitz akachukua maji ya damu ya Küstner, akajichoma kidogo chini ya ngozi ya tumbo lake mwenyewe. Siku iliyofuata akachoma maji ya samaki pale pale. Ngozi ikafura. Yeye samaki alikuwa anakula bila shida, lakini ile sehemu moja ya ngozi ilikuwa imeazima mzio wa mtu mwingine. Kwa hiyo kulikuwa na kitu kwenye damu. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kukipata: Kimishige na Teruko Ishizaka, mume na mke waliokuwa wakifanya kazi Denver, Marekani, na wale wa Uppsala kwa njia yao, na mwaka 1968 kitu hicho kikapewa rasmi jina la IgE. Ninachokipenda kwenye kisa cha Küstner ni kwamba mzio wake ulijulikana kwanza. Alikula, akaumwa, akajua. Damu ilifuata baadaye kueleza kwa nini.

Kwangu ilikuwa kinyume. Na aliyenifumbua macho alikuwa daktari wa ngozi, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba shingoni (ndiyo, kamba ile nyingine). Nilikwenda kwake kwa sababu ya kukonda. Nikamtolea karatasi. Aliitazama sekunde chache, akaigeuza kifudifudi mezani, akaweka kikombe chake cha chai juu yake.

"Niambie hiyo Jumapili. Kuanzia asubuhi."

Nikamwambia Feri, nazi, pilipili.

"Sijakuuliza chakula tu. Nimekuuliza kila kilichopita kooni."

Hapo ndipo jino liliporudi. Saa saba na nusu, nazi ikiwa jikoni, nilimeza kidonge cha diklofenaki nilichonunua duka la dawa la chini ya ghorofa letu. Nilikimeza makusudi, ili jino litulie niweze kuwala kamba wangu kwa raha.

Hakusema kitu. Aliuliza kama nimewahi kupata mabaka ya namna ile kabla. Nikasema hapana. Akasubiri. Nikasema labda mara moja, miaka miwili nyuma, lakini ile ilikuwa kanga mpya niliyoivaa bila kuifua, rangi ilinikataa. Siku hiyo ulikuwa na nini? Tumbo la mwezi. Ulimeza nini? Ibuprofeni.

"Na kamba, kati ya kanga na jino, uliwala?"

Nimewala mara ngapi sijui. Idd zote mbili, harusi mbili, na kila Jumapili mfuko uliporuhusu.

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ni ukoo mmoja. Kuna watu ambao dawa hizo zinazifyatua zile seli bila kupitia kwenye IgE kabisa. Zinaziba njia moja ya kikemikali mwilini na kemikali nyingine zenye fujo zinafurika. Damu yako unaweza kuipeleka nje ya nchi mara kumi, kipimo cha IgE hakitaliona hilo, kwa sababu hakuna cha kuona. Wapo pia ambao chakula peke yake hakiwadhuru mpaka kikutane na dawa ya maumivu au mazoezi makali, ndiyo maana daktari hakuniambia papo hapo niende nikale.

Na ile 1.9 ya kamba ilitoka wapi? Akaniuliza kama nyumbani kuna mende. Niliona aibu, lakini nyumba ya Dar es Salaam isiyo na mende ni ile ambayo haijajengwa. Kamba, mende na utitiri wana protini moja ya misuli inayofanana sana, inaitwa tropomayosini. Utitiri wote tunaujua wa kuku. Huu wa vumbi ni binamu yake asiyeonekana kwa macho, anaishi kwenye magodoro na mito na anaipenda hali ya hewa yetu ya joto la unyevu kuliko sisi tunavyoipenda. Nikiamka napiga chafya 10 kila asubuhi. Mwili wangu umetengeneza IgE dhidi ya utitiri kwa miaka, na baadhi ya IgE hizo zikiwekwa mbele ya kamba zinamshika, kwa sababu anafanana na waliyemzoea. Damu haikudanganya. Ilionyeshwa picha ya kamba ikasema huyu namfahamu, na sisi tukamfunga.

"Umekulia wapi?" akauliza. Pemba, nikamjibu. Akacheka. "Kichocho?"

Nani Pemba ya wakati wetu asiyekijua kichocho? Walimu walitupanga mstari uwanjani, tukamezeshwa vile vidonge vikubwa vichungu, na aliyetapika alirudishwa nyuma ya mstari. Akanieleza kwamba IgE kazi yake ya asili inaaminika kuwa ni kupambana na minyoo, na kwa hiyo kwenye nchi ambako minyoo na kichocho ni maisha ya kila siku, jumla ya IgE huwa juu hata kwa mtu asiye na mzio wowote. Tena baadhi ya sukari zilizo juu ya protini za minyoo zinafanana na zile zilizo kwenye mimea kama karanga na ngano. Kuna utafiti wa watoto wa shule nchini Ghana, uliochapishwa mwaka 2013: watoto waliokutwa na IgE ya karanga kwenye damu huku wakila karanga kama kawaida, na IgE hiyo ilikwenda sambamba na kichocho cha mkojo. Ilikuwa inazishika zile sukari, na ngozi zao zilipojaribiwa kwa karanga wengi hazikufura.

Nilipopima choo kilikuwa safi, kwa hiyo 640 yangu tukaiachia utitiri. Karanga na ngano hakuzijadili hata dakika moja. "Ulikuwa unakula chapati? Ulikuwa unaumwa ukila? Basi kale."

Kwa kamba alitaka uhakika, na uhakika wa mzio wa chakula unapatikana kwa kula mbele ya daktari. Akanipa maelekezo: niwapike chukuchuku, maji na chumvi, bila nazi, bila limao, bila kitu, na wiki nzima kabla nisiguse Piriton. Siku hiyo niliingia hospitalini na hotipoti kama ninampelekea mgonjwa chakula. Wakaniwekea kanula mkononi. Pembeni, kwenye sinia la chuma, kulikuwa na sindano ya adrenalini imeshavutwa, na nesi amekaa karibu nayo anasuka ukindu wa maongezi na mwenzake bila kuiachia macho. Kipande cha kwanza kilikuwa sawa na punje ya wali. Dakika 20. Presha, mapigo, fungua mdomo. Kipande cha pili mara mbili yake. Dakika 20. Moyo ulinienda mbio kila walipogusa mkono wangu, na nilihisi kuwasha mahali ambapo hapakuwa na kitu. Ilipofika saa sita na nusu mchana nilikuwa nimemaliza kamba sita wazima, baridi, wasio na ladha, na sijawahi kula kamba watamu kuliko wale. Wakaniangalia saa mbili nyingine. Nesi akaniuliza kama hotipoti imebaki kitu.

Msije mkafanya hivyo jikoni kwenu. Ile sindano kwenye sinia haikuwa pambo.

Wala sisemi kipimo cha damu ni utapeli. Mtoto wa mdogo wangu, ana miaka 4, alipewa kashata ya karanga shuleni. Ndani ya dakika 10 macho yalifunga, akatapika, akaanza kukohoa kikohozi cha ajabu. Alipopona walimpima damu kwa kitu kimoja tu, karanga, na namba ikarudi 38, pamoja na IgE ya ile protini ya karanga inayoitwa Ara h 2 ambayo ndiyo inayoambatana zaidi na mzio wa kweli. Pale kisa kilikuja kwanza, na damu ikakipa uzito. Kwa mtoto kama yule huwezi kuanza na kumlisha ili uone. Kipimo cha ngozi, kile cha kuchoma tone la kitu kinacholeta mzio mkononi na kupima uvimbe, kingefaa pia, lakini alikuwa na pumu ya ngozi mikono mizima na yuko kwenye dawa za mzio kila siku, na dawa hizo zinaficha majibu ya ngozi. Damu haijali umemeza nini.

Kuna mizio ambayo damu haiigusi. Shoga yangu alipakwa piko kwenye harusi, ile nyeusi ya kuchanganya na rangi ya nywele, na siku ya tatu maua yote ya mkononi yakawa malengelenge, petali kwa petali. Akaja kwangu, mimi mwenye uzoefu, akitaka kujua nilipima wapi damu. Nikamwambia ahifadhi pesa yake. Ule ni mzio wa kugusa, unaletwa na seli nyeupe za damu na si IgE, na kipimo chake ni viraka vinavyobandikwa mgongoni siku 2 kisha kusomwa. Ndugu yake ni ule utomvu wa embe unaounguza pembe za mdomo, na yale mafuta ya ganda la korosho yanayochubua vidole vya wabanguaji wa Mtwara. Mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja.

Na vile vipimo vya "vyakula 200" vinavyokuja kwa WhatsApp na rangi nyekundu, njano na kijani, vingi vinapima IgG, kingamwili ya aina nyingine. IgG inaonyesha unachokula mara kwa mara. Madaktari wa mzio wa Ulaya walishasema tangu mwaka 2008 kwamba kipimo hicho kisitumike kutafuta mzio wa chakula. Mwenzangu mmoja kazini alitokea nyekundu kwenye mchele, maziwa na mayai, yaani alilipia orodha ya kifungua kinywa chake.

Kwa mama nilienda Idd. Alipika kamba kwa nazi, akakaa mbele yangu mikono magotini, ananitazama nikitafuna. Nilipomaliza akaleta glasi ya mwarobaini, kwa tahadhari. Nikanywa. Ningefanyaje?

Siku hizi nina kikaratasi kwenye pochi alichoniandikia yule daktari: aspirini, ibuprofeni, diklofenaki, hapana. Juzi jino lile lile liliamka. Nikashuka duka la dawa la chini, nikaomba kitu cha maumivu. Kijana akanipa paketi. Nikaigeuza, nikawasha tochi ya simu, nikasoma yale maandishi madogo: parasetamoli, na baada ya alama ya kujumlisha, diklofenaki.

"Una mzio nayo?" akauliza. "Ulipima?"

Nikamwonyesha kikaratasi. Akakisoma pande zote mbili akitafuta namba, hakuiona, akanirudishia pamoja na Panadol.